Konda Mkorofi, Abiria Msumbufu: Kumi Bora ya Vijineno vya Kiingereza

Kabla hujaanza kubisha, na najua utabisha, tukubaliane jambo moja. Kitenzi cha Kiingereza ni dereva wa daladala. Yuko mbele, kashika usukani, miwani ya jua usoni, anajiona ndiye mwenye safari. Lakini ukitaka kujua gari linaenda wapi, humuulizi yeye. Unamuuliza konda.

Konda ni kale kaneno kanakoning'inia mlangoni: "up", "down", "off", "out", "in", "away". Mchukue dereva mmoja tu, "give". Akipewa konda "up", anakata tamaa. Akipewa "in", anasalimu amri. Akipewa "away", anamwaga siri za watu. Akipewa "out", anagawa vipeperushi. Dereva ni yuleyule, gari ni lilelile, safari nne.

Halafu anapanda abiria: kielezi. "Quickly", "slowly", "completely" na ukoo wao. Nauli kalipa, chenji hajapewa, na sasa anataka kiti. Akae mbele ya dereva? Kati ya dereva na konda? Nyuma kabisa kwenye spea? Hapo ndipo ngumi huanza.

Kama hili lilikutesa shuleni, una mwenzako mzito. Mwaka 1755 Samuel Johnson alitoa kamusi yake kubwa jijini London, na kwenye dibaji akakiri kwamba tabia hii ya kukibandika kitenzi kijineno nyuma ndiyo inayowapa wageni taabu kubwa kuliko zote. Zaidi ya karne mbili na nusu baadaye, taabu ipo palepale. Sisi kwenye Kiswahili hatuajiri konda. Tunafungua boneti na kuchezea injini: funga, fungua, fungia, fungana, fungulia. Hakuna anayening'inia.

Haya, orodha. Vigezo vya upangaji ni usumbufu, uchekeshaji na kinyongo changu binafsi. Hongo sikupokea, ingawa nilisubiri.

10. "Right", mtoto wa mwenye gari

"Come right in." "Sit right down." Huyu "right" si kulia wala si sahihi. Ni "moja kwa moja", ni "hapohapo". Kinachoudhi ni kiti chake: anakaa katikati ya dereva na konda, mahali ambapo vielezi vingi vyenye mkia wa "-ly" vikisogea tu vinazomewa. Yeye na nduguye "straight" ("go straight in") wanapanda bila foleni, wanaketi, wanawasha redio.

Hukumu: upendeleo wa wazi. Nafasi ya kumi inamtosha, maana ukimpa zaidi atasema ni haki yake.

9. "Up" mlafi

"Eat up", mama wa Kiingereza anamwambia mwanawe, yaani maliza chote. "Drink up", kunywa mpaka tone la mwisho. "Use up", tumia mpaka kiishe. Mimi nilipojifunza baiolojia, chakula kilikuwa kinashuka. Lakini "up" hapa hana habari na juu. Kazi yake ni kugonga muhuri kwamba shughuli imekwisha. Ndiyo maana "tear" ni kuchana, na "tear up" ni kuchana vipande vipande, kama mtu aliyekuta barua isiyo yake.

Kisha anapanda abiria "completely", na unapata "completely used up": mihuri miwili kwenye bahasha moja. Ukitaka kucheka, kwanza niambie leo umesema mara ngapi "panda juu", "shuka chini" na "rudi nyuma". Umewahi kumwona mtu akirudi mbele? Haya, tuendelee kwa unyenyekevu.

Hukumu: "up" huyu ni mwongo, isipokuwa mara moja tu. "Throw up" ni kutapika. Hapo kweli chakula kimepanda juu.

8. Makonda wawili, kituo kimoja

Nyumba ikiteketea, "it burned down". Vitu vyote ndani yake "burned up". Juu na chini wamekutana kwenye majivu. Gari likipunguza mwendo ni "slow down", na wapo wanaosema "slow up", na hakuna anayepaa. Fomu ya benki unaweza "fill in" au "fill out", ndani au nje, foleni ni ileile na kalamu imefungwa kwa kamba ileile.

Hukumu: kelele nyingi mlangoni, nauli moja.

7. "Off", adui wa walinzi

Soma hii polepole: "The alarm went off, so I turned it off." "Off" wa kwanza kaiwasha kengele. "Off" wa pili kaizima. Sentensi moja, konda mmoja, kazi mbili zinazopingana, na hakuna aliyefukuzwa.

Si hilo tu. Taa zikifanya "go off", zimezimika. Bomu likifanya "go off", limelipuka. Maziwa yakifanya "go off", yamechacha. Mume akifanya "go off", kaondoka, na pengine na maziwa. Sasa mfikirie mlinzi wa usiku anayejifunza Kiingereza, kapigiwa simu saa tisa za usiku na sauti inayotetemeka: "It went off!" Akimbie? Alale? Anuse?

Hapa, kwa mara ya kwanza katika orodha hii, abiria anageuka mkombozi. Ukisikia "gradually", ni maziwa. Tupa, nunua mengine. Ukisikia "loudly", ni kengele, amka. Ukisikia "suddenly", inaweza kuwa taa na inaweza kuwa bomu. Hapo lala chini kwanza, sarufi utaiuliza baadaye.

Hukumu: kielezi kinaokoa maisha. Mwalimu wako alikwambia ni pambo tu.

6. Konda aliyeachwa stendi

Hii ni yetu wenyewe, Afrika Mashariki. "I'll pick you at six," tunasema, na kila mtu kuanzia Nairobi hadi Kampala anaelewa kwamba saa kumi na mbili gari litakuwa mlangoni (sawa, saa moja na nusu). Uingereza wangedai konda: "pick you up". Niliwahi kumwandikia hivyo mgeni kutoka huko, akanijibu akiuliza kama mimi namwona yeye ni embe. Kwa sababu "pick" peke yake, bila konda, ni kuchuma, au kuchagua. Nilimpokea hivyohivyo. Alikuwa ameiva kidogo kwa jua la uwanja wa ndege.

Ajabu ni kwamba huku tunapunguza, huku tunaongeza. "Cope with" kule Uingereza haina "up", lakini sisi tumeipa: "cope up with". Tukimshusha konda mmoja tunamwajiri mwingine, ajira haipungui.

Na abiria je? Sikiliza Kiingereza cha Uganda: "You first wait." Kielezi "first" kimekalia kiti cha mbele kabisa, kabla ya dereva, kwa sababu kichwani mwa msemaji kuna neno la nyumbani linaloombea subira. Halafu kuna "slowly by slowly", ambayo ni polepole yetu iliyovaa suti na tai ikaenda kuomba kazi. Nasikia bado inasubiri kuitwa kwenye usaili. Itaitwa polepole.

Hukumu: si makosa, ni njia mpya ya daladala. Leseni inafuatiliwa.

*(Basi limesimama, tuchimbe dawa kidogo. Mnajua kwamba vitenzi hivi vilizurura karne nyingi bila jina lenye mashiko? Jina "phrasal verb" lilitokea kwenye kitabu cha Logan Pearsall Smith kiitwacho Words and Idioms, mwaka 1925, na mwenyewe akasema kapewa na Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi kuu ya Oxford. Yaani Johnson alilalamika mwaka 1755, na mtuhumiwa akaja kuandikiwa jina kwenye jalada miaka 170 baadaye. Na bado watu wanasema kesi za kwetu zinachelewa. Pandeni, tunaondoka.)*

5. Mzigo wa kupakatwa

"Pick up the bag": sawa. "Pick the bag up": sawa pia. "Pick it up": sawa. "Pick up it": toka nje.

Kwa nini? Fikiria mizigo. "It", "him" na "them" ni vifurushi vidogo. Vinapakatwa mbele, kati ya dereva na konda, na haviruhusiwi kwenda buti. Begi la kawaida linakaa popote. Ila gunia la mkaa lazima liende nyuma. Jaribu kulisukumia mbele uone: "Pick the bag that your uncle bought in Mombasa last year up." Umeona? Dereva "pick" kafika kituo cha mwisho, konda "up" bado anakimbilia gari huku kashika kandambili mkononi.

Na abiria "quickly"? Ana viti viwili vya heshima: mbele ya dereva, "quickly pick it up", au nyuma kabisa, "pick it up quickly". Akijaribu kujibana kwenye mapaja ya kifurushi, "pick quickly it up", hata trafiki aliye likizo atapiga filimbi.

Kiswahili kinamaliza yote haya kwa kuumeza mzigo: uokote. Kifurushi kiko tumboni mwa dereva, safari inaendelea. Sisemi tumeshinda. Nasema tu uokote.

4. Gari lenye makonda wawili

"Put up with" maana yake ni kuvumilia, na neno lenyewe ndilo zoezi. Kuna "look down on", kudharau. "Look forward to", kusubiri kwa hamu. "Get away with", kukosa na usikamatwe, ambayo kwetu ingepaswa kuwa na wizara.

Kuna mzaha maarufu anaobandikwa Winston Churchill, kwamba aliposahihishwa eti asimalize sentensi kwa kihusishi, aliipindua "put up with" kichwa chini miguu juu ili kuonyesha jinsi kanuni hiyo isivyo na akili. Mzaha ni mtamu. Ushahidi kwamba ni wake haupo, lakini Churchill ana bahati hiyo: kila neno la kuchekesha lisilo na baba linapelekwa kwake.

Cha kukodolea macho ni abiria. Unaweza kusema "she put up cheerfully with the noise". Unaweza kusema "we look forward eagerly to the feast". Kielezi kimepenya kati ya konda wa kwanza na wa pili! Lakini jaribu "she put cheerfully up with the noise" uone utakavyotazamwa. Siri yenyewe: dereva na konda wa kwanza ni mke na mume. Konda wa pili ni mpangaji. Kati yako na mpangaji mgeni anaweza kupita kwenda uani. Kati ya mke na mume, mgeni anaitwa jina jingine.

3. Moshi na mvutaji

Hapa nakuomba usiruke mistari, hata kama ndiyo kawaida yako.

"The smoke went slowly up." Safi kabisa. Moshi unapanda, taratibu, angani.

"He gave slowly up smoking." Balaa. Kila Mwingereza atakunja uso, na tisa kati ya kumi hawatajua kwa nini wamekunja (hesabu hiyo nimeitoa mfukoni, msinishike).

Sababu ndiyo hii. Kwenye moshi, "up" ni juu ya kweli. Konda yuko kazini, anaonyesha njia kwa kidole, na kati yake na dereva kuna nafasi ya mtu kukaa. Kwenye kuacha sigara, "up" haonyeshi popote. Kaungana na "give" wamekuwa mwili mmoja, na ukipenyeza "slowly" hapo unavunja nyumba ya watu. Kwa hiyo kielezi ni kipimo, kama kile kijiti cha kupimia oili. Kikiingia, konda bado ana maana yake ya asili. Kikigoma, maana imeshayeyuka.

Tupime. "The balloon came slowly down": kimeingia, puto kweli linashuka. "The car broke suddenly down": kimegoma, kwa sababu gari halijaenda chini popote, limekufa tu pale Kimara na wewe umechelewa kazini. Na sasa tamu kuliko zote: "She looked quickly up" inapita ikiwa dada kainua macho. Ikiwa dada anatafuta neno kwenye kamusi, "she looked quickly up the word" haipiti. Dereva mmoja, konda mmoja, maneno yaleyale. Kielezi peke yake ndicho kilichojua kwamba hizi ni ndoa mbili tofauti.

Hukumu: medali ya shaba na heshima zote. Mtu atakayesema hii ilipaswa kuwa namba moja, nitamsikiliza. Sitambadilishia, ila nitamsikiliza.

2. "Flatly" dhidi ya katakata

Mechi ya watani. Kiingereza kinaingia uwanjani na "flatly turned down": ombi limekataliwa, limebondwa likawa bapa kama chapati. Si vibaya. Kiswahili kinajibu: kakataa katakata. Sikiliza mlio wake, panga lenyewe linasikika. 1–0.

Kiingereza: "completely passed out", yaani pombe imemzimisha mtu. Kiswahili: kalewa chakari. 2–0, na mchezaji bado yuko chini anatibiwa.

Kiingereza, kikihaha: "completely packed out", yaani ukumbi umefurika. Kiswahili: umejaa pomoni. 3–0.

Tatizo la Kiingereza ni kumtegemea mtu mmoja. "Completely" ni kibarua wa kila siku: "completely run out", "completely fall apart", "completely break down", "completely freak out". Anayemwita anakwenda, harusini na msibani, na nguo ni zilezile. Fofofo wetu hana tabia hiyo. Fofofo analala, na ikibidi anakufa, basi. Mwambie "kakimbia fofofo" uone atakavyokutazama. Chepechepe anataka maji. Hoi anataka uchovu. Vielezi hivi vimeolewa, vina pete, havipandi gari la mtu.

Najua kuna mwalimu wa Kiingereza kakunja ngumi hapo nyuma, anataka bao la kufutia machozi. Mpe: "fast asleep". Hiyo ni nzuri, nakiri. Mtu kalala, na kielezi chake ni kasi! Analala kwa mwendo wa pikipiki. Ukweli ni kwamba "fast" hapo kabakia na maana yake ya zamani, imara, yaani usingizi umemshika kama kamba. Lakini mimi nitaendelea kumwona bwana mmoja kwenye godoro akikata kona.

Hukumu: 3–1. Rufaa zinapokelewa ndani ya siku kumi na nne.

1. Pikapu

Ndiyo. Bingwa ni pikapu. Kaa chini, nikueleze.

Wote hapo juu wanaishi kwa wasiwasi. Dereva anaogopa kuachana na konda, abiria anatafuta kiti, kifurushi kinapakatwa. Mmoja tu alimaliza ugomvi. Kule kwao alikuwa "pick up", dereva na konda, sauti ikikazwa kwa konda. Wakageuka jina, na sauti ikahamia mbele, kwa dereva: "PICKup". Likawa gari. Gari likafika kwetu, na Kiswahili hakikuuliza "up" ni nini wala anaelekea wapi. Kikagandisha, kikapiga rangi: pikapu. Pikapu imeharibika, pikapu zimeharibika. Ngeli kaipata siku hiyohiyo, bila hata picha ya pasipoti.

Hakuwa peke yake. Pushapu anawatoa watu jasho kwenye mazoezi, na mekapu anatafuta bibi harusi. Wote wana konda tumboni, hakuna anayemwona. Muulize fundi gereji yeyote "pu" ya pikapu inaelekea juu au chini. Atakwambia inaelekea kwa mwenye hela.

Na kielezi? Hakuna mahali pa kukiingiza. "Piki-haraka-pu"? Acha. Mlango umechomelewa. Konda amekuwa bodi ya gari, na ndiyo maana ukipanda pikapu hakuna anayekudai nauli mlangoni, kwa kuwa mlango wenyewe hauna mtu. Abiria unapita nyuma, unakanyaga tairi, unakaa juu ya magunia ya mahindi, upepo unakupiga usoni, na unajishikilia mwenyewe. Ukitaka kielezi, ipige bodi kofi mara mbili na upaze sauti: "Polepole, dereva!"